Tofali Lina Nguvu, Ukuta Je? Majibu kwa Wasomaji Wanaojenga

Barua za toleo hili zinahusu ukuta unaobeba nyumba, si ule wa kugawa vyumba tu. Pale tunapotaja tofali bila kueleza zaidi, tunamaanisha la saruji la inchi 6, yaani milimita 450 kwa 225 kwa 150, lisilo na matundu.

Mfyatuaji wa mtaani kwetu anasema mfuko mmoja wa saruji unampa matofali 40 ya inchi 6, na kwamba yote "yanalia" ukiyagonga. Nitajuaje ubora wake kabla sijalipa? (Msomaji, Kibaha)

Anza na hesabu, haina gharama. Tofali moja la kipimo hicho lina ujazo wa lita 15.2, kwa hiyo 40 ni lita 608. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi za saruji. Hata ukijifanya kwamba mchanga haupungui unaposhindiliwa kwenye kalibu, tayari hapo ni sehemu moja ya saruji kwa zaidi ya 16 za mchanga. Mchanga hupungua, tena sana, kwa hiyo alichochanganya kwenye sakafu ni kibaya kuliko hicho. Ukitaka uwiano wa 1:8, tegemea matofali 15 hadi 18 kwa mfuko. Bei itapanda, na ni haki ipande.

Kulia si kipimo. Tofali dhaifu likikauka vizuri nalo hulia. Afadhali uchukue msumari ulichimbe pembeni: likitoka unga kwa urahisi, liache. Kisha lilaze kwenye maji usiku kucha na ujaribu tena, kwa sababu tofali lenye saruji kidogo huonyesha udhaifu wake likiwa limelowa.

Kwa nyumba ya ghorofa, peleka matofali maabara. Yasipungue 6, uyachague mwenyewe kutoka mafungu tofauti, usichaguliwe na muuzaji. Mashine itatoa mzigo uliolivunja kila moja. Ugawe kwa eneo la juu la tofali. Likivunjika kwa kilonyutoni 270, yaani nyutoni 270,000, gawa kwa milimita za mraba 67,500, unapata nyutoni 4.0 kwa kila milimita ya mraba (4.0 N/mm²). Uliza mambo matatu: tofali lilikuwa na siku ngapi, lilivunjwa likiwa kavu au limelowa, na je, nyuso zake zilisawazishwa kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Uso wenye kijinundu hupokea mzigo wote sehemu moja na tofali zuri linaonekana bovu. Halafu usitazame wastani peke yake, tazama lile lililo chini kabisa, maana nalo litaingia ukutani.

Matofali yangu yamepimwa na kupata 7 N/mm². Mhandisi anayechora ghorofa moja juu ya chini anaufanyia ukuta hesabu kama unabeba chini ya robo ya hiyo. Je, ananiongezea gharama bure? (Msomaji, Ruiru)

Hakuongezei. Nguvu ya tofali na nguvu ya ukuta ni vitu viwili, na pengo kati yake ndilo watafiti wamelichunguza kwa miongo mingi kwa kuvunja vipande vya ukuta ndani ya mashine.

Ukitazama kipande kama hicho kikielemewa, hakisagiki. Kinapasuka nyufa za kusimama, kama kuni inayopasuliwa kwa shoka. Sababu yake iko kwenye mota, ule mchanganyiko unaounganisha matofali. Mota kwa kawaida ni laini kuliko tofali, na ikibanwa hutaka kutanuka pembeni. Tofali linaizuia kwa msuguano, kwa hiyo mota inabaki imebanwa pande zote, huku tofali likivutwa kwenda nje kulia na kushoto. Kitu cha saruji au udongo wa kuchoma kinahimili sana kubanwa lakini kuvutwa kidogo tu. Ndiyo maana tofali hupasuka ndani ya ukuta kwa mzigo ulio chini sana ya ule lililobeba peke yake mashineni. Mtafiti Hubert Hilsdorf alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1969, na maelezo ya msingi hayajabadilika.

Kanuni ya Ulaya ya majengo ya matofali, Eurocode 6, inaliweka hivi kwa matofali yasiyo na matundu na mota ya kawaida: nguvu ya ukuta ni 0.55 mara nguvu ya tofali kwa kipeo cha 0.7, mara nguvu ya mota kwa kipeo cha 0.3. Weka tofali la 7 na mota ya 4: ukuta unapata 3.3 hivi. Gawa kwa 3 kwa ajili ya usalama, inabaki 1.1. Kisha zidisha kwa 0.6 hivi, kwa sababu ukuta wa mita 3 wenye unene wa milimita 150 ni mwembamba na mzigo wa slabu haukai katikati yake kabisa. Unabaki na 0.65 N/mm².

Sasa upande wa mzigo. Kwenye kila mita ya urefu, ukuta wa chini na wa juu una kilonyutoni 9 kila mmoja, paa la mabati 4, na slabu ya milimita 150 pamoja na sakafu na watu, ikiwa inaegemea mita 2 kutoka kila upande, 26. Jumla 48, ukiongeza akiba ya usalama inafika 67. Gawa kwa unene wa ukuta: 0.45 N/mm². Ukuta wako unatosha. Mwenye tofali la 3 N/mm² akifanya hesabu hiyohiyo anapata uwezo wa 0.36, na hapo hatoshi. (Kwa nyumba ya chini tu mzigo wa chini ya ukuta ni 0.09 hivi. Ndiyo maana nyumba nyingi za chini zinasimama hata kwa matofali mabovu, na ndiyo maana mwenye nyumba ya namna hiyo akiamua baadaye kupandisha ghorofa anacheza na hatari ambayo haonyeshwi na ufa wowote.)

Hesabu hizo zote zinachukulia kwamba fundi amejenga sawasawa. Majaribio aliyoyakusanya Arnold Hendry wa Chuo Kikuu cha Edinburgh yanaonyesha gharama ya kutojenga sawasawa. Kiungo cha kulala, ule mstari wa mota kati ya safu na safu, kikiwa na mota milimita 16 hadi 19 badala ya 10, ukuta unaweza kupoteza kiasi kinachofika asilimia 30 ya nguvu yake. Kiungo ambacho mota haikujaa, ile tabia ya kupaka kingo mbili na kuacha katikati wazi, kinaweza kuupotezea kiasi kinachofika theluthi moja ya nguvu. Ukuta uliopinda milimita 12 hadi 20 hupoteza asilimia 13 hadi 15. Viungo vya kusimama visipojaa, nguvu ya kubeba haibadiliki sana, ingawa mvua na kelele vitapita. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kusimamia kitu kimoja tu, simamia kiungo cha kulala: tofali likishalazwa, fundi alinyanyue moja mbele yako mara kwa mara, utazame kama mota imeshika uso wote.

Nikitumia mota ya 1:3 badala ya 1:6, ukuta si utakuwa na nguvu maradufu? (Fundi, Mwanza)

Hapana, fundi. Kwa kanuni ileile ya hapo juu, ukizidisha nguvu ya mota mara mbili ukuta unaongezeka asilimia 23. Ukizidisha nguvu ya tofali mara mbili unaongezeka asilimia 62. Saruji ya ziada ipeleke kwenye kufyatulia. Mota kali kupita tofali ina ubaya mwingine: nyumba ikisogea kidogo, ufa unakata tofali lenyewe badala ya kufuata viungo, na kuziba ufa wa namna hiyo ni kazi. Saruji moja, chokaa moja na mchanga sita inatosha kwa kuta nyingi. Chokaa huishikilia maji na kuifanya ilale vizuri kwenye mwiko. Mota iliyoanza kukaza isirudishiwe maji. Kwenye jua kali hiyo ni chini ya saa mbili tangu uichanganye, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Tunajenga kwa tofali za kuchoma, na tetemeko la 2016 bado tunalikumbuka. Tofali zetu ni ngumu, lakini nyumba zilipasuka. Tatizo lilikuwa nini na tufanyeje safari hii? (Msomaji, Bukoba)

Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, si kubwa kwa kipimo cha dunia. Lakini tetemeko halimuulizi mtu tofali lake linabeba kiasi gani. Linausukuma ukuta kwa ubavu, na hapo kinachofanya kazi ni mshiko kati ya tofali na mota.

Maabara hupima mshiko huo kwa kuunganisha matofali matatu kwa mota, kuyabana pembeni, kisha kulisukuma la katikati mpaka litoke. Matokeo yake yana sehemu mbili: gundi ya mota, na msuguano unaotokana na uzito uliolalia kiungo. Eurocode 6 inahesabu msuguano kuwa 0.4 ya mbano huo. Kwenye nyumba ya chini mbano ni 0.09 N/mm² chini kabisa, kwa hiyo msuguano unatoa kama 0.035. Gundi ya mota nzuri ya saruji kwenye tofali la kuchoma inahesabiwa 0.20, ya mota dhaifu 0.10. Yaani karibu nguvu yote iko kwenye gundi, na kadiri unavyopanda juu ya ukuta ndivyo msuguano unavyokwisha. Ukijenga kwa tope, gundi ni kama haipo. Ndiyo sababu gebo, ile pembe tatu chini ya kenchi, huanguka mapema: haina uzito juu yake na haijafungwa na chochote.

Gundi hiyo inapotea pia kwa njia ambayo haionekani. Tofali la kuchoma likiwa kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijayatumia, na kiungo kinabaki unga. Kipimo cha kiwanja ni rahisi. Chora duara la upana wa milimita 25 kwenye uso wa tofali, dondoshea matone 20 ya maji, uangalie saa. Yakinyonywa yote kabla ya sekunde 90, matofali hayo yaloweshwe kwanza, kisha yaachwe uso ukauke kabla ya kulazwa. Tofali la saruji usililoweshe hivyo; litajaa maji, litakuja kusinyaa ukutani na kukupasulia nyumba.

Baada ya gundi, ufungaji. Njia iliyothibitika kwa nyumba ndogo ni kuuzungushia ukuta fremu nyembamba ya zege inayoubana. Chile ilianza kuitumia kwa wingi baada ya tetemeko la Talca la 1928. Nguzo za angalau milimita 150 kwa 150 zinawekwa kila kona, kila kuta zinapokutana, kando ya madirisha makubwa na milango, na zisiachane zaidi ya mita 4. Kila nguzo ina nondo 4 za milimita 10, na ringi za milimita 6 kila milimita 150. Juu ya kuta zote unapita mkanda wa zege usiokatika, nondo zake zikipinda kona na kupishana, si kuishia hapo.

Mpangilio wa kazi ndio unaokosewa zaidi. Mafundi wengi humwaga nguzo kwanza, kisha wanajaza matofali katikati. Ukuta wa namna hiyo umeachana na nguzo kwa ufa mwembamba tangu siku ya kwanza. Jengeni ukuta kwanza, kingo zikiachwa na meno ya tofali kuingia na kutoka kila kozi (safu ya matofali), halafu ndipo zege la nguzo limwagwe dhidi ya meno hayo. Zege likisinyaa linaushika ukuta.

Gebo iondoeni kabisa mkiweza: paa la migongo minne halina gebo.

Nyufa za ngazi zimetokea kutoka kona ya dirisha kushuka chini. Fundi amezijaza mara mbili zikarudi. Udongo wetu ni mweusi, mfinyanzi. (Msomaji, Morogoro)

Zitarudi mara ya tatu, kwa kuwa anaziba matokeo. Ufa wa ngazi unaofuata viungo ni msingi unaosogea bila usawa. Udongo mweusi huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na kona za nyumba ndizo zinazohangaika kwa kuwa maji yanafika pale kwanza. Dirisha linaukata ukuta, kwa hiyo mvutano unakusanyika kwenye kona zake.

Pima kabla ya kutibu. Weka kibandiko cha plasta chenye unene wa milimita 5 juu ya ufa, uandike tarehe, na upige alama mbili za penseli pande zote mbili za ufa uzipime kwa rula kila mwezi kwa mwaka mzima. Tazama pia umbo: ukiwa mpana juu kuliko chini, kona ndiyo inayozama; ukiwa mpana chini, katikati ndipo panapozama. Ufa wa kusimama wenye upana uleule toka juu hadi chini, kwenye ukuta mrefu wa matofali ya saruji, ni habari nyingine kabisa: ni kusinyaa, na dawa yake ilikuwa kuacha nafasi ya ukuta kusogea kila mita 6 hivi.

Wakati unapima, yadhibiti maji. Mifereji ya paa imwage mbali, ukanda wa zege wa mita moja uizunguke nyumba ukiinamia nje, na miti mikubwa isiwe karibu na ukuta. Bomba la maji taka linalovuja chini ya kona lichunguzwe. Mara nyingi ndilo. Nyufa zikitulia misimu miwili, ndipo uzifungue, uzijaze kwa mota isiyo kali kupita tofali, na ulaze nondo za milimita 6 kwenye viungo kila kozi ya tatu, zikivuka ufa nusu mita kila upande.

Nyumba yetu ya mawe ya matumbawe inamomonyoka lipu. Fundi anashauri tubandue chokaa tupige saruji ili ukuta upate nguvu. (Msomaji, Unguja)

Msikubali. Ukuta huo una unene wa nusu mita au zaidi. Ndani yake ni mawe madogo, chokaa na udongo, na nguvu yake inatokana na unene na kufungana kwa mawe. Lipu haibebi kitu. Ukuta wa namna hii hupandisha unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, kiini kinalainika, na tabaka la nje linaachana na la ndani na kutunisha tumbo. Vichwa vya boriti vilivyolazwa kwenye unyevu huo vinaoza. Hilo ndilo hatari zaidi, kwa sababu boriti hizo hazibebi dari tu. Ndizo zinazozuia kuta mbili zisiachane.

Kwanza tafuteni maji yanakotoka: paa, bomba, au kiwango cha barabara kilichopanda juu ya sakafu. Gongeni ukuta kwa nyundo ya mbao mita kwa mita. Panapotoa sauti ya utupu, matabaka yameachana, na panahitaji mawe marefu ya kufunga yanayopita ndani, pamoja na uji wa chokaa unaomiminwa kidogo kidogo kuanzia chini. Saruji ya zamani ibanduliwe kwa patasi na mkono, kwa vipande, ukuta ukiachwa upumue. Lipu mpya iwe chokaa moja iliyolowekwa kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa ufukweni, kila tabaka lisizidi milimita 10, na kila moja lifunikwe na kunyunyiziwa maji siku kadhaa kabla ya linalofuata.

Mkitaka kujua ukuta umebeba kiasi gani bila kuubomoa, ipo njia ya jeki bapa: alama zinapigwa juu na chini ya kiungo, kiungo kinakatwa, mkato unajifunga kidogo na alama kusogeleana, kisha jeki nyembamba inaingizwa na kujazwa mafuta mpaka alama zirudi mahali pake. Shinikizo la jeki likisharekebishwa kwa kipimo chake na ukubwa wa mkato, linatoa mbano uliokuwa ukutani. Na kama nyumba iko Mji Mkongwe, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi kinatangulia kazi yoyote.

Matofali ya kufungamana hayatumii mota. Ukuta wake ni wa kuaminika? (Msomaji, Dodoma)

Kwa nyumba ya chini, ndiyo, ikiwa vipimo ni sahihi. Pasipo mota hakuna cha kusawazisha kasoro, kwa hiyo tofali likizidi kimo cha mwenzake kwa milimita 1 tu, linabeba mzigo wa majirani na kupasuka katikati. Pimeni kimo cha matofali kumi ya kila siku ya ufyatuaji. Kozi ya kwanza ilazwe kwenye mota na kunyooshwa kwa pima maji, kwani kosa la hapo hupanda hadi juu. Kona na pembezoni mwa milango, jazeni matundu kwa zege jepesi na nondo, kwa kuwa ukuta huu hauna gundi na hauhimili kuvutwa.

Matofali haya yakifyatuliwa kwa udongo na saruji, kiasi cha saruji kipangwe kwa udongo wenu. Jazeni udongo uliolowa kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, mkaushe juani siku chache, mpime ulivyosinyaa. Chini ya milimita 15, tumieni 1:18, saruji moja kwa udongo 18. 15 hadi 30, 1:16. 30 hadi 45, 1:14. 45 hadi 60, 1:12. Ukizidi hapo, udongo huo ongezeeni mchanga na mpime upya. Matofali yafunikwe na kumwagiliwa siku 7 za kwanza, na yasipande ukutani kabla ya siku 28.